Sita au Tisa

Sita na tisa zimeundwa kwa sauti zilezile nne. Kinachobadilika ni zamu tu: neno moja linaanza na s, lingine linaanza na t, kisha zinabadilishana nafasi katikati. Irabu hazikusaidii, kwa sababu kote ni i na a, kwa mpangilio uleule. Ukiwa sokoni mbele ya muuza nyanya, jambo hili halikusumbui. Unaona midomo yake, unaona vidole vyake. Kwenye simu huna midomo wala vidole. Una sauti peke yake, tena sauti iliyopunguzwa.

Mama yangu ni muuguzi mkunga. Kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiuliza na kuulizwa swali moja kwenye simu: njia imefunguka sentimita ngapi? Sita maana yake bado kuna mwendo. Tisa maana yake vifaa viwe tayari, mtoto yuko mlangoni. Anayesikia moja badala ya nyingine anaupanga usiku vibaya, na si usiku wake peke yake. Ndiyo maana Mama na wenzake wana kawaida ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote cha chuoni. Anayetaja sita huongeza, "ya baada ya tano." Anayetaja tisa huongeza, "ya kabla ya kumi."

Mimi nasoma shahada ya uzamili katika isimu, na tasnifu yangu inahusu vikwamizwa vya Kiswahili: s, z, sh na ndugu zao. Ni mada ya kukaa na kompyuta na vipokea sauti masikioni, ungesema. Lakini mwaka jana ilinibidi niishughulikie nikiwa nimepiga magoti kwenye gari la Mama, tochi mdomoni, nikimmulikia fundi nyaya zilizo nyuma ya redio.

Gari lenyewe ni dogo, la Kijapani, lililotumika huko miaka kadhaa kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Kama wenzake wengi, lilikuja na lugha yake. Ukiliwasha tu, mwanamke asiyeonekana anasema, "Kādo ga sōnyū sarete imasen." Anatoa taarifa kwamba kadi haijaingizwa: kadi ya kulipia barabara za kule, barabara ambazo gari hili halitazikanyaga tena. Mama humjibu kila asubuhi, "Sawa, mama, tumesikia."

Redio nayo ilikuwa mgeni. Wajapani walianzia FM yao kwenye 76 na kuishia kwenye 90, na ndivyo redio hii ilivyotengenezwa. Sisi tunaanzia 87.5 tunakwenda hadi 108. Kwa hiyo tulikuwa tunakutana na dunia kupitia ufa mwembamba, kati ya 87.5 na 90, na stesheni nyingi anazozipenda Mama zilikuwa nje ya ufa huo. Ramani kwenye kioo ilikuwa ya Japani. Alama ya gari letu ilielea kwenye eneo tupu, lisilo na barabara wala jina, hata tukiwa katikati ya foleni ya Kimara.

Jambo moja tu halikuhitaji tafsiri. Kwenye usukani kulikuwa na kitufe chenye picha ya simu, na juu, karibu na taa ya dari, kulikuwa na maiki ndogo kama punje ya choroko. Simu ikiita, Mama alibonyeza kitufe na kuzungumza huku mikono ikiwa palepale. Simu yenyewe ilibaki kwenye mkoba.

Kisha betri ikafa. Tulipofunga mpya, redio ikaamka na kudai namba ya siri. Ni kufuli la kuzuia wizi: umeme ukikatika, redio inajihesabu kuwa imeibwa, inataka neno ambalo huenda mmiliki wake wa kwanza aliliweka na kulisahau. Wapo mafundi wanaozifungua, na wawili walijaribu. Hii ilikataa. Na kwa kuwa Bluetooth iliishi ndani ya redio hiyo hiyo, kitufe cha usukani kikabaki pambo.

Tulikaa hivyo wiki tatu. Barabara ya Morogoro, kuanzia Mbezi kwenda Kibaha, ina malori ya kwenda Zambia na Kongo, mabasi ya mikoani yanayowahi, na bodaboda zinazotokea popote. Kutafuta mahali salama pa kusimama, kusimama, kufungua mkoba na kutoa simu si kazi ya sekunde kumi. Jioni moja, Mama akiwa maeneo ya Kiluvya, simu iliita mara tatu mfululizo mkobani. Alipopata mahali pa kuegesha na kupiga, muuguzi kijana aliyekuwa zamu peke yake alikuwa tayari ameita gari la wagonjwa kwa ajili ya mama aliyekuwa anavuja damu baada ya kujifungua. Mama yule alipona na mtoto wake ni mzima. Usiku huo Mama yangu alikula kidogo, akasema neno moja tu kuhusu jambo hilo: "Mtoto wa watu ameniita mara tatu, sijaitika."

Si kwamba angemponya mtu kwa simu. Alijua hilo kuliko mimi. Kilichomuuma ni kutoitika. Wazee wetu walisema usikatae wito, kataa neno, na Mama ni mtu wa kizazi kinachoitika "abee" kabla ya kujua anaitiwa nini.

Lazima niseme pia upande wa pili, maana niliusoma wakati huo nikitafuta sababu za kutumia pesa. Mwaka 2001 David Strayer na mwenzake, wa Chuo Kikuu cha Utah, walichapisha utafiti wao kuhusu watu wanaozungumza na simu huku wakifanya kazi iliyofanana na kuendesha gari. Walikuta kwamba wasioshika simu mkononi walivurugika sawa na walioishika. Kinachotekwa ni akili, si mkono. Nilimsomea Mama. Akacheka kama mtu anayeelezwa kwamba maji yanalowesha. "Kwani mimi huwa naongea?" akauliza. Ni kweli, huwa haongei. Miaka yote amekuwa na kanuni yake: anabonyeza, anasema, "Nakusikia, nasimama," anatafuta pembeni, na gari likishatulia ndipo mazungumzo yanaanza. Kitufe kile hakikuwa cha kuzungumzia safarini. Kilikuwa cha kuitikia.

Kwa hiyo nilipoamua kumnunulia redio mpya kwa posho yangu ya kufundisha semina za mwaka wa kwanza, masharti yalikuwa yameshawekwa. "Nyimbo nitasikiliza nyumbani," alisema. "Mimi nataka kitufe changu na ile maiki ya juu."

Gerezani, mtaa wa vipuri, redio za Android zimepangwa kama televisheni za ukumbi wa harusi. Kioo cha inchi tisa, video ya bongofleva inacheza, taa zinabadilika rangi. Muuzaji alinionesha kila kitu isipokuwa nilichomwuliza.

"Maiki?"

"Ipo hapo hapo mbele, dada. Kitobo hicho. Haina haja ya waya."

Nilikitazama kile kitobo. Kingekaa katikati ya dashibodi, jirani kabisa na matundu ya kiyoyozi. Kutoka mdomoni mwa Mama hadi pale ni karibu mara mbili ya umbali wa kutoka mdomoni hadi darini. Sauti haihurumii umbali: ukiuongeza mara mbili, unapoteza desibeli sita hivi, na hapo hapo upepo wa kiyoyozi unakuwa umesogea karibu na maiki. Tatizo kwetu ni kwamba upepo unafanana sana na s. Vyote viwili ni hewa inayokwaruza njia yake. T ni kipasuo, inazuia hewa kisha inaiachia ghafla. Mtu anaweza kuibahatisha. S inazama kwenye kelele kama chumvi kwenye maji.

Tena simu yenyewe tayari imeshaikata. Simu ya kawaida hupitisha sauti kuanzia hezi 300 hivi hadi 3,400, wakati nguvu kubwa ya s iko juu ya 4,000. Tunachosikia kwenye simu ni mkia wa s, na ubongo unajazia kichwa. Tangu 2011 kanuni za Bluetooth za kupokea simu kwenye gari zimeruhusu sauti pana zaidi, mradi simu, mtandao na redio vyote vikubaliane. Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kutafuta redio mpya. Lakini upana huo haukufai kitu kama maiki inasikiliza kiyoyozi.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana wa umri wangu, mpole, mwenye mita ya umeme iliyofungwa kwa mpira. Alimwamkia Mama, akaitoa redio ya zamani, akashika waya wa maiki na koleo. "Huu tunakata, hauna kazi."

"Usikate, baba," Mama alisema kutoka kiti cha nyuma. "Huo ndio mwenyewe."

Akaliweka koleo chini. Tukanunua soketi za kuunganishia, ili nyaya za gari zibaki na plagi zake bila kukatwa hata moja. Uwazi wa dashibodi ulikuwa na upana wa milimita 200, kama ilivyo kwenye magari mengi ya Kijapani, na si 180 za kipimo cha kawaida duniani, kwa hiyo fremu nayo ilibidi itafutwe. Vitufe vya usukani vilimfurahisha fundi. Vyote vinatumia waya mmoja au miwili, lakini kila kitufe kina ukinzani wake wa umeme, kama watoto wa nyumba moja wanaobisha hodi kila mmoja kwa mkono wake. Redio mpya inafundishwa: bonyeza hiki, hii ni kuongeza sauti, bonyeza hiki, hii ni kupokea simu. Ndani ya dakika tano kitufe cha Mama kilikuwa kimerudi kazini.

Maiki ilichukua mchana mzima. Ni maiki inayohitaji umeme kidogo ili ifanye kazi, na redio ya zamani ndiyo iliyokuwa ikiilisha. Fundi alipima tundu la maiki ya nje la redio mpya, akakuta linatoa volti chache, akabaini waya upi ni chanya na upi ni hasi, akaunga. Mama akahesabu moja hadi kumi. Nilimsikia kwenye simu yangu, lakini kama anayeongea akiwa ndani ya pipa. Fundi alikaa kimya kidogo, akasema, "Zinasikiliza zote mbili." Redio ilikuwa haijaizima maiki yake ya ndani. Hapakuwa na mahali pa kuizima kwenye mipangilio. Akafungua sura ya redio, akapasha chuma cha kulehemu, akaing'oa ile ya ndani. Ilikuwa ndogo kama kichwa cha kiberiti.

Kisha tulifanya jaribio ambalo sitaliweka kwenye tasnifu. Mama alikaa garini, injini inanguruma, kiyoyozi namba tatu, na karatasi niliyomwandikia maneno ishirini, sita na tisa zilizochanganywa bila mpangilio. Mimi nilikaa upande wa pili wa barabara, chini ya mwarobaini, na kalamu. Asubuhi, kabla redio ya mwenye duka haijafungwa vizuri, tulikuwa tumejaribu kwa kile kitobo cha mbele, na maneno manne yalinitoka kombo. Safari hii yote ishirini yalikaa mahali pake. Fundi alitaka kujua kwa nini tunarudia namba mbili tu. Mama akamweleza. Yule kijana akakunjua uso taratibu, akasema mke wake ana miezi saba. Alikataa kuchukua pesa ya kung'oa maiki ya ndani.

Siku hizi Mama anasikiliza taarifa ya habari akienda kazini na taarabu akirudi. Yule mwanamke wa kadi bado yupo, maana kifaa chake hakimo kwenye redio, na bado anajibiwa. Ramani ni ya hapa. Wageni wanaopanda gari wanasifia kioo, na Mama huwaacha wasifie.

Mwezi uliopita nilikwenda kumchukua kazini, nikakutana na yule muuguzi aliyekuwa peke yake jioni ile. Nilimwuliza kama siku hizi wanasikilizana vizuri kwenye simu, nikitegemea anisifie maiki yangu. Hakujua habari za maiki. Alisema kitu kingine: Mama akipokea simu akiwa barabarani, baada ya lile "nakusikia, nasimama", husikia taa ya kuashiria ikigonga, tiki, tiki, tiki, mpaka gari linatulia.

"Nikiisikia ile," alisema, "hata kama bado hajaniambia kitu, mikono yangu inaacha kutetemeka."