Mwaka Tuliompa Kura Nyiva

Huku kwetu Kitui Magharibi, ukizungumza na watu wa umri wangu juu ya uchaguzi wa ubunge wa 1974, wengi watakwambia Nyiva Mwendwa alibebwa na jina. Nilikuwa mama kijana wakati huo na nilipiga kura. Jina lile lilimsaidia, lakini pia lilimtia mashakani.

Nani hakuwajua akina Mwendwa? Mzee Mwendwa mwenyewe alikuwa chifu mkuu. Mwanawe Ngala alikuwa waziri katika serikali ya kwanza ya Kenyatta. Kitili, mume wa Nyiva, ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Kenya. Lakini Kitili alijiuzulu mwaka 1971 baada ya kuhusishwa na njama ya kupindua serikali, na habari hiyo ilikuwa bado mbichi. Sokoni Kabati wazee walinong'ona: kumchagua mkewe, je, si kujitafutia balaa? Wengine hawakujali mambo ya Nairobi. Kilichowaudhi ni mke wa watu kupanda jukwaani mbele ya wakwe.

Sisi wa mwethya, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, tuliyazungumza hayo tukiwa kazini. Tulilima matuta na kuchimba mabwawa kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na wengi wetu tulikuwa akina mama. Hakuna mgombea aliyetuitia mkutano pale. Mama mmoja mtu mzima aliegemea jembe akasema, "Amesoma, na ni mzazi. Wanaume tumewatuma mara ngapi, na maji bado tunayafukua mchangani?" Hakuna aliyembishia.

Akashinda. Mwaka huo wanawake wanne tu ndio waliochaguliwa na wananchi: yeye, Grace Onyango, Julia Ojiambo na Chelagat Mutai, Kenya nzima.

Baadaye kiti hicho kilikaliwa na Kitili mwenyewe, hadi alipofariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1985. Nyiva alirudi bungeni 1992, na mwaka 1995 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri kamili Kenya, miaka 32 baada ya uhuru.

Habari zake zikiandikwa huanza na mume na mashemeji. Ninyi mnaoandika historia ya Bunge letu, njooni Kabati mwaulize wazee wa kike waliokuwa kwenye mwethya. Tumebaki wachache.