Alishika Pezi la Papa Potwe, Akarudishiwa Pete

Kamati ya harusi ilishakaa vikao vitatu. Kadi za mchango zilishagawiwa, ukumbi ulishalipiwa nusu, na mashoga wa bibi harusi walishaanza kugombana kuhusu rangi ya sare. Ghafla grupu la WhatsApp la kamati likapata ujumbe mfupi: harusi haipo, kila aliyechanga atarudishiwa chake. Mtaani yakasemwa mengi. Wapo waliosema kuna mchepuko, wapo waliosema ni mambo ya mahari. Wachache tu ndio walijua kwamba chanzo ni samaki.

Ndiyo, samaki. Na siyo wa kukaanga.

Wachumba hawa, vijana wa Dar, walikwenda Mafia mwezi wa kumi na moja. Walipanda gari Mbagala Rangi Tatu mpaka Nyamisati, wakavuka maji mpaka Kilindoni. Dada ndiye aliyeitaka safari. Tangu yuko shule alikuwa anasikia habari za papa potwe, akawa anadunduliza hela mpaka zikatosha. Kaka naye alikuwa na hesabu zake. Ana ukurasa wenye wafuasi wa kutosha, akawa anatafuta klipu moja itakayosambaa.

Kwa wasiomjua, papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nyangumi anamzidi, lakini nyangumi si samaki, ananyonyesha. Potwe mkubwa anaweza kupita mita 12. Wanaoonekana Mafia wengi ni madume ambayo bado hayajakomaa, lakini hata huyo "kijana" anafika mita 6 au 7. Ana meno maelfu, madogo kama punje, na wala hayatumii kung'ata watu. Chakula chake ni uduvi, mayai ya samaki na vidudu vidogo vya baharini. Anafungua domo lake, maji yanaingia, anayachuja kama mtu anavyochuja tui.

Mgongoni ana madoa meupe. Kenya wanamwita papa shilingi, kama vile kamwagiwa sarafu. Madoa hayo ni kama alama za vidole, hakuna wawili wanaofanana. Watafiti wanampiga picha ubavuni, kompyuta inalinganisha, wanajua huyu ni nani na mara ya mwisho alionekana lini. Cha kushangaza, hesabu zinazotumika kulinganisha madoa hayo zilitoka kwa wanafalaki, waliozibuni kwa ajili ya kutambua mpangilio wa nyota.

Kuanzia Oktoba hadi Februari hivi potwe husogea karibu na Kilindoni kufuata uduvi. Vifaa walivyofungwa na watafiti vimeonyesha kwamba msimu ukiisha wengi hawahami, wanakwenda tu maji ya mbali kidogo na ya kina zaidi. Yaani ni wenyeji, kama watu wa kisiwani.

Nahodha aliyewabeba wachumba wetu ni mzee aliyekuwa mvuvi zamani. Enzi hizo potwe akiingia kwenye nyavu, nyavu zinachanika na siku imeharibika. "Tulikuwa tunamlaani," aliwaambia abiria wake. Siku hizi samaki yule yule ndiye anayemlipia ada mtoto wake wa mwisho. Ndiyo maana kabla mtu hajagusa maji, mzee anatoa somo.

"Wanangu, humo ndani sisi ni wageni. Kaeni mbali naye, mita 3 ubavuni, mita 4 mkiani. Hakuna kumshika. Ukimshika anazama, na akizama mimi siwezi kumwita."

Botini walikuwa wageni wanane. Mmoja wao ni mama mwalimu mstaafu kutoka Dodoma, hajawahi kuingia baharini maisha yake yote. Potwe wa kwanza alipita mama akiwa bado amekaa ukingoni anasoma dua. Dada akamshika mkono, akamfundisha kupumua kwa mrija, wakashuka pamoja taratibu wakiwa wameshika kamba ya boti.

Potwe wa pili akaja. Domo wazi, anakula zake, hana habari na mtu. Mama ndiyo kwanza anaingiza uso majini. Hapo hapo kaka akapiga mbizi, simu mkono mmoja, mkono mwingine akalikamata pezi la mgongoni.

Ilikuwa sekunde chache. Samaki akajikunja, akainamisha kichwa, akapotelea chini. Mama alipofungua macho aliona bluu tupu.

Walisubiri. Upepo wa mchana ukaanza kuvuruga maji, ikabidi warudi. Mzee hakufoka. Aliuliza tu, "Kijana, nilisemaje?"

"Mzee, tusitishane bwana. Nimelipa." Kisha akamgeukia mama. "Usijali mama, utamuona kwenye klipu. Nitakurushia."

Mama akasema, "Asante, mwanangu," akakunja kanga yake mapajani. Dada alikuwa kimya mpaka wanafika nchi kavu.

Jioni klipu ikapanda, laiki zikamiminika. Dada aliirudia mara nyingi, lakini siyo kwa sababu ya samaki. Mwishoni kabisa, pembeni mwa picha, wanaonekana wanawake wawili wameshika kamba, nyuso majini, wanatazama upande ambao hakuna kitu. Akamuuliza mchumba wake, "Ungejua yule mama hatamuona tena, ungemshika?"

"Sasa yule mama ananihusu nini?"

Wiki tatu baadaye pete ilirudi kwa mwenyewe.

Shangazi wa binti alikuja juu. "Mwanaume halewi, hapigi, ana kazi. Unamwacha kwa ajili ya samaki?" Binti akamjibu kwa heshima, "Shangazi, alichomfanyia samaki pengine ningekisamehe. Ninachokiogopa ni alivyomjibu yule mama."

Upande wa kaka nao una watetezi. Wanasema samaki hakuumia, hakutoka damu, na mguso mmoja haumuui mnyama wa tani kadhaa. Kweli, haumuui. Lakini tangu 2016 potwe yumo kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Anachukua miaka mingi sana kufikia umri wa kuzaa, na huku nyavu na meli zinampunguza. Kila anapozamishwa anaacha chakula chake. Na kila boti ina mtu anayejiambia kwamba mguso wake ni mmoja tu.

Nahodha ana lugha yake kuhusu hilo: "Yeye hafi. Ila kesho akisikia mashine yangu, anaondoka mapema. Mimi nitawaonyesha wageni nini?"

Habari za sasa ni kwamba michango imerudishwa yote, hata ya wale waliochanga elfu tano. Klipu bado ipo na inaendelea kupata laiki. Binti naye alimpigia simu yule mwalimu wa Dodoma. Januari wanarudi Mafia wawili, boti ile ile, mzee yule yule. Nauli ya mama inatoka kwenye hela iliyokuwa imetengwa kwa ajili ya shela.

Shangazi bado amenuna. Anasema wanaume siyo wengi kama samaki. Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye dada wa kwenye ile kamba, pete ungeirudisha au ungenyamaza harusi ipite?