Chai ya Saa Kumi Ukweni

Mimi ni mkulima wa majani chai huko Kericho, na tangu utotoni nimekunywa chai kwa namna moja tu: maji, maziwa, majani na sukari huchemshwa pamoja katika sufuria moja mpaka ifure. Basi Julai 2019, nilipokwenda Uingereza kuwaamkia wakwe wa binti yangu katika jimbo la Devon, nilikuwa na hofu. Twajua sote ya kuwa chakula cha ukweni si cha kushiba tu, mtu hutazamwa.

Usiku wa kuamkia siku ile binti yangu alinionya: "Baba, tafadhali usichovye kitu katika kikombe, wala usivute chai kwa sauti." Nikamwitikia.

Saa kumi alasiri tuliketi bustanini. Birika ilikuwa imevikwa vazi la sufi, kama mtoto mchanga aogopewaye baridi. Maziwa yalikuwa mbali katika chombo chake, tena baridi. Sukari nayo mbali. Na katika sahani mlikuwa na skoni. Sisi tukisema skonsi twawaza kile kimkate laini cha hamira kiuzwacho dukani. Hii sivyo. Skoni yao ni unga, siagi na maziwa, huumuliwa kwa poda wala si kwa hamira, na yafaa iliwe siku ile ile ingali na joto. Hupasuliwa katikati, ikapakwa jemu na krimu nzito. Krimu hiyo hupatikana kwa kupasha maziwa moto polepole kwa saa nyingi, kisha kuyaacha yapoe hata mafuta yagande juu. Nakiri ya kuwa ni tamu mno, nilikula tatu.

Wahenga walituambia kwamba ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba jicho. Lakini hawakusema ni jicho lipi. Mama mwenye nyumba ni mtu wa Devon, ambako krimu hutangulia na jemu hufuata. Mumewe alizaliwa Cornwall, ng'ambo ya mto Tamar, ambako jemu ndiyo hutangulia. Wote wawili walinikazia macho nichague. Nikapaka nusu moja hivi na nusu ya pili vile. Wakacheka, nami nikapumua.

Mama yule akanieleza ya kuwa desturi hii yasemekana ilianza yapata mwaka 1840 kwa Anna, mke wa Duke wa Bedford, aliyeshikwa na njaa kila alasiri kwa sababu chakula cha usiku kilichelewa. Kisha akainua kikombe, akasema, "Na hii ndiyo chai ya Kiingereza hasa."

Hapo sikuweza kunyamaza. Nilisema, kwa adabu, kwamba rangi ile nyekundu naifahamu. Binti yangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea: nyumbani mke wangu huchuma majani mawili na chipukizi, kikapu mgongoni tangu alfajiri, na kilo 1 ya chai kavu yahitaji zaidi ya kilo 4 za majani mabichi. Mama akaondoka, akaleta pakiti, akavaa miwani. Kenya ilikuwa imeandikwa pale, kwa herufi ndogo sana.

Akaniuliza twalipwa nini kwa kilo ya majani mabichi. Nilipomtajia, aliweka kikombe chini, na kwa muda hakuna aliyegusa skoni. Niliona haya, maana mgeni hapaswi kutia huzuni mezani. Lakini sikujuta, na binti yangu hakunikanyaga tena.

Kesho yake asubuhi nilimkuta mama yule jikoni ameshika sufuria. Alitaka nimwonyeshe chai ya kwetu. Maziwa yalipofura alishtuka, akataka kuzima moto, nikamwambia bado. Mumewe alikunywa vikombe viwili, akachovya skoni katika cha pili, nami nikamtazama binti yangu bila kusema neno.