Kuchechemea kwa Uongo

Kuna jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita.

Timu yetu ya mpira ilifika fainali ya shule za wilaya. Siku chache kabla ya mchezo, mjomba alinipigia simu kwa mlezi wa bweni, akaniambia ya kuwa klabu moja ya mjini imekubali kunijaribu. "Ukivunjika mguu kwenye fainali, mpwa wangu, nani atakuuguza? Mama yako hapa Somanda ana ekari mbili za pamba tu."

Maneno yake yalikuwa na ukweli. Huko Marekani, tarehe 1 Januari 2016, Jaylon Smith wa chuo cha Notre Dame aliumia vibaya goti katika mchezo wa mwisho wa msimu. Alitazamiwa kuwa miongoni mwa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Akachaguliwa wa 34. Desemba ya mwaka huo huo, Leonard Fournette na Christian McCaffrey, wa vyuo vingine, walisema waziwazi ya kuwa mchezo wa mwisho hawatacheza. Aprili 2017 wakachaguliwa, mmoja wa 4, mwingine wa 8. Mimi siwalaumu.

Lakini mimi sikusema waziwazi. Asubuhi ya fainali nilitoka bwenini nikichechemea. Mwalimu wa michezo akaniamini, tena akanifunga bandeji kwa mikono yake mwenyewe. Mwenzangu wa kidato cha pili akavaa jezi yangu. Tulishindwa kwa penalti, na aliyekosa ni yeye. Usiku nilimsikia akilia chini ya blanketi, nami nikanyamaza.

Wiki iliyofuata, darasani, tulisimuliwa habari za John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu. Katika marathoni ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, alianguka akaumia goti. Alimaliza wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alifika akichechemea, mguu umefungwa bandeji. Niliinamisha kichwa.

Sisemi kila mtu akimbie na goti bovu. Mguu ni wangu, na riziki ya mama yangu imo ndani yake. Ila wenzangu walikuwa na haki ya kujua mapema, wajipange.

Majaribio nilikwenda, sikuchukuliwa. Mwalimu nimekwisha kumwambia kweli. Nawe, mdogo wangu wa kidato cha pili, ukisoma haya ujue ya kuwa penalti ile hukuikosa peke yako. Nisamehe.