Jumamosi ya Mpira Footscray

Wasomaji wetu mnaoishi Melbourne mnaijua Footscray kwa soko lake, kwa maduka ya vitenge na mihogo ya kugandishwa, na kwa mikahawa ya Wahabeshi na Wavietnamu iliyobanana kando ya barabara. Wachache wetu huendelea mbele kwa barabara ya Barkly hadi Whitten Oval, uwanja wa zamani wa klabu ya Western Bulldogs. Ukitoka Sunshine, ninakoishi mimi, ni vituo viwili tu vya treni: unapita Tottenham, unashuka West Footscray, kisha unatembea dakika chache.

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilikwenda huko nikiwa na swali. Kijana wangu ana miaka 14 na tayari ananipita kimo. Anacheza mpira wa Kiaustralia katika timu ya watoto ya mtaani kwetu, na wamemweka mshambuliaji. Kocha wake aliniambia kwamba mtoto ana kitu, akaomba aongezewe siku za mazoezi ziwe tatu kwa wiki. Mama yake anataka muda huo uende kwenye hesabu. Kabla sijatia neno langu, nilitaka kuona kwa macho yangu watu wa mchezo huu wanamtendeaje kijana wanayemtarajia makubwa.

Kwa ndugu zetu mlioko Tanga, Muscat au Leicester ambao hamjauona, mchezo wenyewe uko hivi. Uwanja ni wa umbo la yai, na mpira pia ni wa umbo la yai. Kila upande una wachezaji 18 uwanjani. Mpira unapigwa teke, au unashikwa kwa mkono mmoja na kupigwa ngumi kwa mkono wa pili. Kuurusha ni kosa. Ukikimbia nao, lazima uudundishe chini kabla hujamaliza mita 15. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne. Ukiupiga teke ukapita kati ya mbili za katikati ni pointi sita. Ukipita pembeni yake ni pointi moja, kama pole ya msiba. Ukidaka mpira uliopigwa teke na mwenzako umbali wa mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini, hakuna wa kukugusa: unarudi nyuma, unatulia, unapiga. Ndiyo maana washambuliaji warefu wanatafutwa kama dhahabu. Vijana huchaguliwa na klabu za ligi kuu kila mwaka wakiwa na miaka 18 hivi, na klabu iliyofanya vibaya zaidi ndiyo inayoanza kuchagua.

Timu kubwa ya Bulldogs haichezi tena mechi zake za ligi hapa Footscray. Iliuacha uwanja huu mwaka 1997. Siku hizi hapa hucheza timu ya akiba, mahali ambapo vijana hupikwa. Nje kuna sanamu ya Ted Whitten, aliyechezea klabu hii tangu 1951 hadi 1970, na uwanja unaitwa kwa jina lake. Klabu ilitwaa ubingwa mwaka 1954, ikangoja miaka 62 hadi ilipoutwaa tena mwaka 2016. Katikati hapo, mwaka 1989, ilitangazwa kwamba itaunganishwa na klabu ya Fitzroy kwa sababu ya madeni. Watu wa Footscray wakagoma. Walichangishana barabarani na mlango kwa mlango, mpaka klabu ikabaki yao. Kwa hiyo ukikaa hapa na mtu wa miaka 70, jua umekaa na mtu aliyewahi kutoa pesa zake za mfukoni ili kijana anayecheza mbele yenu apate jezi ya kuvaa. Anapomkosoa, anamkosoa kama mtu wa nyumbani.

Nilikaa karibu na bibi mmoja aliyevaa skafu ya nyekundu, nyeupe na buluu iliyofumwa kwa mkono. Kushoto kwake alikuwapo mzee mwenye chupa ya chai. Wote wawili macho yao yalikuwa kwa mshambuliaji mmoja wa miaka 19, mrefu, mwembamba kama mnazi mchanga. Jina lake silitaji; ni mtoto wa watu na bado anajifunza kazi.

Nilidhani watamhesabia magoli. Robo ya kwanza ikaisha kijana hajafunga hata moja, na hao wawili wakawa na mengi ya kusema. Mzee alisema mikono ipo: kijana anaudaka mpira ukiwa juu kabisa, mikono imenyooka, haungoji umfikie kifuani ambapo beki anaweza kuupiga ngumi. Bibi akasema miguu bado: akitaka kupiga goli anaanza kukimbia taratibu, kisha anaharakisha hatua mbili za mwisho, na mpira unapinda. Wakabishana kuhusu uzito. Mzee alitaka aongezewe kilo haraka, kwa sababu mabeki wa ligi kuu ni watu wazima walioshiba na watamsukuma kama pazia. Bibi alikataa. Alisema warefu huchelewa kuiva, na ukimjaza mwili kabla mifupa haijakaza utampeleka hospitali.

Katika robo ya pili kijana alipiga mara mbili, zote zikaenda pembeni: pointi mbili kavu. Mtu mmoja nyuma yetu akapiga kelele kwamba arudi shule. Bibi aligeuka polepole. "Ana miaka kumi na tisa," alisema. "Wewe katika umri huo ulikuwa unafanya nini cha maana?" Watu wakacheka, na yule mtu akacheka nao.

Dakika chache baadaye kijana aliporwa mpira. Badala ya kusimama mikono kiunoni, alimkimbiza beki karibu mita 40, akamkaba, mpira ukadondoka, mwenzake akauokota na kufunga. Kwenye ubao goli ni la mwenzake. Lakini bibi alisimama na kupiga makofi zaidi ya alivyopiga siku hiyo yote. Akaniambia kwamba kufunga kuna siku zake, siku nyingine upepo tu unakukatalia; ila kukimbiza ni uamuzi, na uamuzi unaweza kuuangalia kila wiki.

Kuna jambo lililonigusa zaidi, na wazazi wenzangu mtanielewa. Upande wa wapinzani alikuwapo kijana mwenye asili ya Afrika. Kila alipofanya zuri, mzee alisema, "Mwanariadha kweli huyu. Ona anavyoruka." Maneno ya sifa, na ameyasema kwa moyo mweupe. Lakini kwa yule wa kwetu alikuwa akisema, "Ana akili ya mpira." Tumeyasikia hayo mashuleni pia: watoto wetu husifiwa mbio, wenzao husifiwa kichwa. Nikamwuliza kwa upole, "Na yule, hana akili ya mpira?"

Mzee hakukasirika. Alinyamaza, akamwangalia yule kijana robo nzima ya tatu. Mwishoni akamimina chai na kusema, "Umesema kweli. Mara tatu amefika mahali mpira unapoangukia kabla haujapigwa. Hiyo si mbio." Bibi akaongeza kwamba alimwona, alikuwa anangoja mzee amwone mwenyewe.

Nikawatajia Aliir Aliir, wakamjua mara moja. Alizaliwa katika kambi ya Kakuma, kwetu Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini. Sydney Swans walimchagua mwaka 2013, na mechi yake ya kwanza ya ligi kuu akaicheza mwaka 2016. Baadaye alihamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akatajwa katika kikosi bora cha nchi nzima, akiwa beki. Sifa yake kubwa ni kusoma mpira unakwenda wapi na kuukata njiani. Kama mtu angempima kwa miaka ile mitatu ya kwanza tu, angemfunga kitabu mapema.

Si kwamba subira hii haina mwisho. Mzee aliniambia wazi kwamba klabu humpa kijana mkataba wa miaka miwili au mitatu, na msimu ukiisha kuna wanaoambiwa asante, wakiwa na miaka 20 na hawana kazi nyingine mkononi. Bibi aliwataja wachache aliowapenda ambao hawakufika popote. Nilimwuliza walikwenda wapi. Mmoja ni fundi bomba, alisema, na amewahi kumtengenezea jiko lake. Alilisema kwa fahari ileile aliyosema habari za mabingwa.

Baada ya mechi watoto waliingia uwanjani kupiga mipira yao kati ya nguzo zilezile, na familia zikabaki zikiota jua dogo la baridi. Ukiwa na watoto, hiyo ndiyo saa ya kuwaleta. Wavishe makoti mazito, na wabebee maandazi.

Nyumbani tulikaa sisi watatu. Tumekubaliana mazoezi yabaki mara mbili kwa wiki, na Jumatano ni ya hesabu, haiguswi. Mama yake ameridhika nusu, mtoto ameridhika nusu. Nadhani hiyo ndiyo haki. Kocha nimemwambia hivyohivyo, pamoja na ombi moja: amfundishe mwanangu mahali pa kusimama kabla ya kumsifu anavyoruka. Na mwanangu nimemwambia kwamba magoli atajihesabia mwenyewe. Mimi nitaangalia anafanya nini akishanyang'anywa mpira.

Mechi yake ijayo ni Jumapili saa tatu asubuhi. Chupa ya chai nimeshanunua.