Gari la Haibridi na Daftari la Nyumbani



Mara nyingi nimeulizwa na wazazi swali moja: je, lile gari dogo linalotumia petroli pamoja na umeme, ambalo wengi tumezoea kuliita haibridi, linamfaa mtu wa kipato cha kawaida? Swali hili si jepesi, kwa maana kwa familia nyingi gari ndiyo mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba, na wapo wanaolinunua kabla hata ya kuwa na nyumba. Wiki hii napenda tulitafakari kwa kuitazama familia moja ninayoifahamu vizuri, yaani ya mdogo wangu wa kike na shemeji yangu, ambao niliwasindikiza kutafuta gari jijini Dar es Salaam.

Wao wanaishi Kibaha, yapata kilomita 40 kutoka katikati ya jiji. Shemeji anafanya kazi Kariakoo. Mtoto wao wa pili, mpwa wangu mwenye umri wa miaka 9, ana ugonjwa wa selimundu na huhudhuria kliniki Muhimbili. Wanaoujua ugonjwa huo wanaelewa kwamba maumivu yake hayachagui saa, na kwamba mtoto anayelia kwa uchungu wa mifupa hawezi kusimama katika daladala iliyojaa. Kwa miaka 6 walikuwa wameweka akiba hadi ikafika shilingi milioni 26. Nyuma ya fedha hizo hapakuwa na nyingine. Mdogo wangu aliniambia, "Kaka, hapa tukiteleza hatuna pa kushika."

Kwanza ilitupasa tuelewe tunanunua nini. Magari ya haibridi si mageni duniani. Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani mwezi Desemba 1997. Sisi tulikuwa tunatafuta Toyota Corolla Axio ya haibridi, ambayo ilitoka huko Agosti 2013, ikiwa na injini ya petroli ya sisi 1,500, mota ya umeme na betri kubwa iliyo upande wa kiti cha nyuma. Gari hili halichomekwi kwenye umeme wa nyumbani. Unapokanyaga breki au kuteremka mlima, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Unapoondoka taratibu, mota hulisukuma gari peke yake. Na unaposimama kwenye foleni, injini huzimika. Ndiyo maana faida yake huonekana zaidi katika msongamano wa mjini kuliko katika barabara ndefu iliyo wazi, ambako injini hufanya sehemu kubwa ya kazi.

Wauzaji hupenda kutaja kwamba gari hili linakwenda kilomita 33 kwa lita moja. Tarakimu hiyo si ya uongo. Ndiyo iliyopatikana kwa kipimo rasmi kilichotumika Japani wakati gari linatoka. Lakini kipimo hicho hufanyika katika chumba cha majaribio. Hakina joto la Dar es Salaam, hakina kiyoyozi kinachofanya kazi kutwa nzima, wala hakina watoto watatu na magunia mawili ya mkaa nyuma. Sisi tuliamua kukadiria kilomita 20 tu kwa haibridi, na 12 kwa gari la kawaida la ukubwa huo.

Hapo ndipo mdogo wangu alipofungua daftari, maana wahenga walikwisha kutuambia kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Shemeji alikusudia kwenda kazini siku 25 kwa mwezi, kilomita 80 kwenda na kurudi, yaani kilomita 2,000. Gari la kawaida lingekunywa lita 167, na haibridi lita 100. Tukikadiria petroli kwa shilingi 3,000, tofauti ni kama shilingi 200,000 kila mwezi. Haibridi ilikuwa ghali kuliko mwenzake wa petroli kwa takriban milioni 3, kwa hiyo tofauti hiyo ingerudi katika miezi 15. Kisha tukafanya hesabu ileile kwa jirani yao mstaafu, ambaye hatembei zaidi ya kilomita 200 kwa mwezi. Yeye angeokoa shilingi 20,000 tu, na angehitaji zaidi ya miaka 12 kuirudisha milioni 3 yake. Gari ni lilelile, petroli ni ileile, lakini kwa nyumba moja ni akiba na kwa nyumba nyingine ni anasa.

Baada ya hesabu tulikwenda yadi. Ya kwanza ilikuwa kando ya Barabara ya Bagamoyo. Gari lilikuwa jeupe, limeng'arishwa hadi unajiona usoni, na bei yake ilikuwa milioni 21. Shemeji alilipenda mara moja. Muuzaji alitaka tulizungushe mle ndani ya yadi tu, nasi tukamwomba kwa upole aturuhusu kutoka Mwenge hadi Morocco na kurudi, saa ya foleni. Alikubali baada ya kusitasita. Mdogo wangu alikaa mbele, macho yake hayakuondoka kwenye kile kipimo kidogo kinachoonyesha chaji ya betri kubwa. Alichokiona ni hiki: kilijaa upesi mno tulipofunga breki, na kikashuka upesi mno tulipoondoka, kama ndoo iliyotoboka. Feni iliyo upande wa kiti cha nyuma nayo ilivuma muda wote. Mafundi husema kwamba chaji inayopanda na kushuka kwa haraka namna hiyo mara nyingi ni dalili ya betri iliyochoka.

Gari la pili tulilikuta yadi nyingine, Barabara ya Nyerere. Lilikuwa la kijivu, lina mkwaruzo mlangoni, na bei yake ilikuwa milioni 22 na nusu. Safari hii mpwa wangu alikuwa pamoja nasi. Tuliliendesha kwenye foleni ya TAZARA na kulipandisha daraja la juu ili injini ifanye kazi, kisha tukateremka tukitazama chaji ikirudi polepole. Tuliposimama kwenye taa, kukawa kimya. Mtoto akauliza, "Mjomba, mbona gari limezimika na hewa ya baridi bado inakuja?" Nikamweleza kwamba kiyoyozi cha gari hili huendeshwa kwa umeme wa betri kubwa, na ikipungua injini itajiwasha yenyewe. Alitabasamu akalaza kichwa dirishani. Mama yake alimtazama kwa muda bila kusema neno.

Hata hivyo hatukutoa fedha siku hiyo. Tulimlipa fundi aje na mashine ya kusomea kompyuta ya gari, akatuonyesha nguvu ya kila fungu la betri. Zote zilikuwa zinakaribiana. Alifungua tundu la hewa ya kupozea betri lililo karibu na kiti cha nyuma, ambalo vumbi likiliziba betri hupata joto na kufa mapema, lilikuwa safi. Tuliomba karatasi ya mnada wa Japani, tukalinganisha kilomita zilizoandikwa humo na zile za kwenye dashibodi, tukahakikisha pia kwamba daraja lake halikuwa R, herufi inayoashiria gari lililowahi kupata ajali na kutengenezwa. Nani apendaye kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Jambo la mwisho lilileta mabishano. Shemeji alisema, "Hili limezidi lile jeupe kwa milioni moja na nusu, na lina mkwaruzo." Mkewe alimjibu kwa heshima, "Baba, mkwaruzo hautatuacha njiani usiku na mtoto." Tulikuwa tumewauliza mafundi bei ya betri, mmoja alitaja milioni 2 na nusu, mwingine akataja zaidi ya 4. Walikubaliana hivi: walinunue la kijivu, milioni moja iende kwenye bima, uhamisho wa umiliki na matairi, na milioni 2 na nusu iliyobaki iwekwe kwenye akaunti ya peke yake, ikiitwa kwa jina lake, "ya betri". Hamadi kibindoni.

Sasa ni miezi 14. Daftari linaonyesha wastani wa kilomita 19 na nusu kwa lita, karibu sana na makadirio yetu, mbali sana na 33. Fedha ya betri haijaguswa. Mwezi Juni, wakati wa baridi, mpwa wangu alishikwa na maumivu saa nane usiku. Walimfikisha Tumbi ndani ya robo saa, na asubuhi wakaendelea naye Muhimbili. Mdogo wangu aliniambia kwamba usiku ule hakuwaza petroli hata kidogo.

Basi, ndugu zangu, anayetaka kununua gari la namna hii asianze na rangi wala na tarakimu za tangazo. Aanze na kilomita zake mwenyewe. Aliendeshe gari mahali atakapoliendesha kila siku, na saa ileile. Aitazame betri kwa jicho la fundi. Na akilipa, asilipe hadi senti ya mwisho, kwa maana bei ya gari haiishii yadi. Sehemu yake nyingine hudaiwa baadaye, njiani, siku usiyoichagua. Aliyeiweka kando mapema ndiye atakayelala usingizi.

Nawatakia nyote wiki njema na safari salama.