Mahali pa Kutua Ndege

Wahenga walisema, penye wazee haliharibiki jambo. Sisi tuliozaliwa Kalenga, kando ya Mto Ruaha Mdogo, kilometa kama 15 kutoka mji wa Iringa, tuliusikia usemi huu tungali wadogo tukichunga ng'ombe. Lakini kuusikia usemi si kuujua. Ilitubidi tuingie katika utumishi wa serikali, tukosee, ndipo tuujue.

Katika miaka hii ya 2020, kazi ya kukipanua kiwanja cha ndege cha Nduli, nje ya mji wa Iringa, ilipokuwa ikizungumzwa kila mahali, tulikwenda likizo Kalenga. Jioni tuliketi barazani kwa mjomba wetu. Baada ya salamu na habari za mashamba, mzee akatugeukia akasema, "Mpwa wangu, wewe ni mtu wa serikali. Hebu nieleze. Kwa nini ndege zitue Nduli, wala zisitue hapa Kalenga, kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa, ili wageni washukie mlangoni petu?"

Kabla hatujajibu, mjukuu wake mmoja, mwanafunzi wa sekondari, alidakia. "Babu, kwa nini mkoa huu uwe na kiwanja kikubwa hata kidogo? Kipo Songwe kule Mbeya. Fedha hizo zingenunua madawati."

Pakawa na kimya kidogo. Kisha mabishano yakaanza, nayo yakaendelea mpaka moto ulipozimika. Tumeona vema kuyaandika yale tuliyoyawaza usiku ule, maana swali la mahali pa kujenga kitu cha umma si swali la mafundi peke yao. Ni swali la utamaduni.

Tuanze na mafundi, kwani haki yao ni kubwa. Kiwanja cha ndege hakipandwi popote kama mbuyu. Nchi yetu ya nyanda za juu ina hewa nyepesi. Nduli iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jiji la Mbeya liko juu zaidi. Hewa ikiwa nyepesi, bawa la ndege hushika kidogo na injini hupungua nguvu, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mwendo mrefu zaidi ardhini kabla ya kupaa. Tena fundi hutazama upepo wa mahali pale huvuma kutoka wapi, maji ya mvua yataelekea wapi, ukungu hutanda saa ngapi, na kama kuna kilima mbele ya njia ya kutua.

Haya yalionekana wazi Mbeya. Kiwanja cha zamani kilikuwa ndani ya mji, chini ya milima, nyumba zikakizunguka pande zote. Kukirefusha hakukuwezekana bila kubomoa mitaa. Ndipo pakachaguliwa Songwe, zaidi ya kilometa 20 kutoka mjini, bondeni, penye nafasi. Ujenzi ulichukua miaka mingi, na watu walinung'unika. Lakini Desemba 2012 kiwanja kilifunguliwa, nacho kina njia ya kurukia yenye urefu wa mita 3,330. Walionung'unika kwamba ni mbali na mji sasa hupanda ndege hapo hapo.

Mfano mwingine ni wa kaskazini. Kiwanja cha Kilimanjaro, kilichofunguliwa mwaka 1971, hakikujengwa Arusha wala Moshi, bali katikati ya miji hiyo miwili. Hakuna mji ulioweza kujisifu kwamba ni chake, wala ulioweza kulia kwamba umenyimwa. Hapo yule kijana wa sekondari alikuwa na hoja: kugawana ni jambo jema. Lakini alisahau kupima njia. Arusha na Moshi zi karibu. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni mwendo wa zaidi ya kilometa 300, na mgonjwa wa haraka, au mgeni anayekwenda Hifadhi ya Ruaha, hawezi kuambiwa kwamba Songwe ni jirani.

Na mjomba wetu je? Mzee alisema kwa mapenzi ya kwao, nasi hatumlaumu, maana mkataa kwao ni mtumwa. Lakini tulimkumbusha jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha: Kalenga yenyewe ni somo la kuchagua mahali. Jina la Iringa latokana na neno la Kihehe, lilinga, maana yake ngome. Na lilinga hiyo ilikuwa hapa Kalenga, si pale ulipo mji leo. Mkwawa aliizungushia ukuta mrefu wa mawe. Baada ya Wahehe kukishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, ukuta ule ulikuwa fahari ya nchi nzima. Lakini ulijengwa kwa kuhesabu mikuki na bunduki, haukuhesabu mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ilianguka. Kisha Wajerumani wakajenga boma lao mahali pengine, juu kilimani, wakalichukua na jina, wakaliita Iringa Mpya. Nani aliulizwa? Hakuna aliyeulizwa. Mji tunaoupenda leo ulichaguliwa na mgeni kwa ajili ya ulinzi wake, na wenyeji wakaarifiwa baadaye.

Basi tulimwambia, "Mjomba, ukitaka ndege zitue Kalenga, itabidi tusawazishe mabaki ya lilinga ili wageni waje kuona mahali palipokuwa na lilinga." Mzee alicheka sana, akasema, "Haya, mpwa wangu. Ndege na zitue Nduli. Wageni tutawafuata kwa gari." Tangu hapo hakulirudia neno hilo.

Lakini sisi hatukulala. Maneno yetu wenyewe yalituchoma, kwa sababu ya jambo ambalo hatujapata kulieleza hadharani.

Tulipokuwa vijana katika kazi, tulitumwa kuandika kumbukumbu za mkutano katika wilaya moja ambayo hatutaitaja. Palitakiwa eneo la kurefusha kiwanja kidogo cha ndege. Wanakijiji walikusanyika chini ya mti. Wakubwa walieleza ramani, fidia na faida. Mwishoni mzee mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwamba wao hawakatai ndege. Bali ndani ya eneo lile yamo makaburi ya wazazi wao, nao waomba wapewe majira ya kufanya tambiko na kuihamisha mifupa kwa heshima, mavuno yakiisha. Wenzake waliitikia kwa kauli moja.

Jua lilikuwa limeinama na gari lilikuwa likingoja. Tuliyaandika majina ya wakubwa waliohudhuria, yote, pamoja na vyeo vyao. Tuliandika ukubwa wa eneo. Ombi la wazee tuliliandika kwa neno moja: "Mengineyo." Hakuna aliyetuamuru. Sisi tuliona kwamba ni jambo dogo, na tulitaka kumbukumbu ziwe fupi.

Kilichofuata ni rahisi kueleza. Aliyesoma kumbukumbu hakuona makaburi, kwa kuwa hayakuandikwa. Kazi ilianza kabla ya mavuno. Mifupa ilihamishwa kwa haraka, kwa muda wa siku mbili, tambiko halikufanyika, na baadhi ya makaburi hayakutambulika tena. Miaka kadhaa baadaye tulipita kijiji kile. Mzee yule alitujua. Alituamkia kwa upole, akatuuliza hali za watoto, kisha akasema, "Mwanangu, yale maneno yetu, uliyaandika?"

Hatukuwa na jibu. Tulitazama chini. Naye hakuuliza mara ya pili.

Sisi, watu wa Kalenga, ndio tuliofanya hivyo! Tulikuwa watu wa mwisho kustahili kusahau. Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe, Wajerumani walikichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ulitaja kwamba fuvu lile lirudishwe, na bado halikurudi upesi. Lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, mikononi mwa gavana Twining, likapokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa na umati wa watu. Miaka 56 watu walingoja fuvu moja. Taifa lililongoja hivyo laweza kushindwa kungoja mavuno ya msimu mmoja?

Tunajua watu watasema kwamba maendeleo hayangoji wafu. Hata miaka ya 1970, wakati wa kuhamia vijijini, wengi waliyaacha makaburi na mashamba ya zamani, na shule na zahanati zikapatikana. Ni kweli, wala hatusemi kaburi lizuie njia ya ndege. Mzee yule hakusema hivyo. Yeye aliomba majira tu. Gharama yake ilikuwa miezi michache, na sentensi moja katika daftari letu.

Usiku ule Kalenga, kabla ya kulala, tuliandika ubeti mmoja:

Si lami tu kiwanjani, si taa wala mnara,
Wapo walalao chini, wasioona ishara,
Waulizwe majirani, tusije pata hasara,
Neno lao kitabuni, liandikwe likang'ara.

Ndugu walimu, mtakapowafundisha vijana habari za viwanja, barabara na mabwawa, wafundisheni kupima upepo na mwinuko wa ardhi. Nchi yahitaji mafundi. Lakini wapelekeni pia kwa wazee wa mahali pale, na madaftari yao, wakaulize: Hapa paliitwaje zamani? Nani amelala hapa? Maji hupita wapi mwaka wa mvua nyingi? Mara nyingi mzee atamjibu na fundi pia, maana ukungu wa asubuhi ameuona kwa miaka 70.

Nanyi vijana, baadhi yenu mtakuwa makarani na maofisa kama sisi. Siku moja mtashika kalamu mkutanoni, jua limeinama na gari linangoja. Mzee atasimama mwisho, atavua kofia, atasema neno ambalo halimo katika ajenda.

Andikeni alivyosema.